Tende Saba Nilizozificha Kwenye Uji wa Mkaza Mwanangu

Kosa ni langu. Naanza na hilo kabla hamjaanza kumtafuta mwingine wa kumlaumu, maana kwa miaka minne watu walimlaumu asiyehusika, na mie nikakaa kimya nimejitanda khanga yangu, naitikia salamu za watu.

Jina langu silitaji. Mie ni mama mtu mzima, naishi Mbagala, na nina mtoto mmoja tu wa kiume. Huyo nitamwita Hamisi, na mkewe nitamwita Rehema. Majina hayo siyo yao. Machozi nitakayoyasimulia ndiyo yao, na niliyewatoa machozi hayo ni mie.

Jamani, niacheni niseme! Nimechoka kulala nalo na kuamka nalo.

Hamisi ni dereva wa lori la makontena. Anapakia Kurasini, anakwenda Tunduma, anarudi baada ya siku nyingi. Rehema alikuwa karani kwenye yadi moja hukohuko Kurasini, na ndiko walikoonana. Walikaa kwenye ndoa miaka mitano bila mtoto. Watu walisema weee mpaka wakachoka wenyewe. Halafu Mungu akajibu.

Mimba ilipofika miezi sita, kliniki wakampima, wakamwambia ana kisukari cha ujauzito. Alikuja kwangu moja kwa moja, kikaratasi mkononi, hata mkoba hajautua.

"Shikamoo mama. Mama, nimeambiwa nina sukari."

"Marahaba. Sukari ya wapi tena na wewe mbona mwembamba hivyo?"

"Wanasema ni ya mimba, inaweza kuondoka nikishajifungua. Ila chakula lazima nibadilishe. Sukari ikiwa juu, mtoto anakua kupita kiasi, halafu tunapata shida kwenye kuzaa."

Alinieleza vizuri kabisa, nakumbuka neno kwa neno. Siwezi leo kusema sikuambiwa.

Shida yake ilikuwa muda. Alikuwa anatoka kazini hoi, miguu imevimba, hana nguvu ya kusimama jikoni. Nje ya geti la yadi yao kuna chipsi na maandazi tu. Mie nilikuwa na friza kubwa sebuleni, Hamisi alininunulia niuze barafu na juisi. Nikamwambia, mwanangu, chakula chako nitakipika mie, nitakigandisha, wewe kazi yako iwe kupasha tu.

Tukapanga hivyo. Kila Jumamosi napika vya wiki nzima. Rehema akakusanya makopo ya aiskrimu, akayaosha, akanifundisha kupima. Kopo moja, mlo mmoja. Mboga za majani ziwe nyingi kuliko vingine. Kunde, choroko, samaki wa kuchemsha, nyama isiyo na mafuta, ambayo nilikuwa naifuata mwenyewe machinjioni Vingunguti asubuhi na mapema. Na uji wa ulezi bila sukari, wa kunywa kabla hajatoka kwenda kazini. Kila kopo nilibandika plasta, nikaandika kwa kalamu nzito: KUNDE. SAMAKI. UJI. Jioni akipita kutoka kazini anachukua makopo yake kwenye kapu, anakwenda kwao, ni nyumba ya tatu tu kutoka kwangu. Ugali wake wa dona, kiasi cha ngumi, alikuwa anausonga mwenyewe.

Hamisi naye hakukaa pembeni. Alimnunulia kile kipimo cha kutoboa kidole. Akaacha na soda, yeye ambaye safarini hakosi chupa! Alisema, "Haiwezekani mke wangu anywe maji matupu halafu mie nigide soda mbele yake." Niliona raha. Nikasema nimezaa mtu.

Rehema akanunua daftari la shule. Akalipiga mistari kwa rula: siku, nilichokula, namba. Kila akimaliza kula anasubiri muda alioambiwa, anatoboa kidole, anaandika. Wiki za mwanzo namba zilikuwa nzuri. Muuguzi wa kliniki alimwambia, "Huyo mama mkwe wako ni dawa." Rehema akaja kunipa salamu hizo, na mie kichwa kikavimba.

Sasa hapo ndipo nilipoharibu.

Rehema alipungua. Mashavu yakaondoka, mabega yakaonekana. Kliniki walisema mtoto anaendelea vizuri, asiwe na wasiwasi. Lakini mtaani watu hawaangalii daftari, wanaangalia mashavu. Siku moja tumekaa kwenye shughuli tunachambua mchele, jirani yangu mmoja akasema kwa sauti, "Mbona mkaza mwanao amebaki macho matupu? Kwenu Lindi mwenye mimba halishwi?"

Wakacheka wote. Nikacheka na mie, lakini ndani naungua! Mie, ambaye pilau langu likienda shughulini sufuria linarudi limekombwa! Leo nasemwa nimemnyima mwenye mimba, tena mimba iliyosubiriwa miaka mitano!

Na Rehema mwenyewe, masikini, alikuwa anakula kwa kujilazimisha. Ule uji alikuwa anaumeza amefumba macho. Hakuwahi kulalamika. Angelalamika labda ningemjibu na yangeishia hapo.

Mwezi wa Ramadhani ulikuwa umetoka kupita, na mie nilibakiwa na boksi zima la tende. Sisi tumekuzwa tukijua tende ni chakula cha mwanamke anayekaribia kuzaa. Zinampa nguvu, zinamrahisishia uchungu. Mama yangu alinilisha tende mimba ya Hamisi yote, na Hamisi nilimzaa hata mkunga hajakunja mikono ya gauni. Nikajiambia, kliniki wamekataza sukari. Tende siyo sukari. Tende ni tunda, tena tunda la baraka. Hawa watoto wa kliniki wanajua nini?

Nikazitoa kokwa, nikaziloweka, nikazisaga kwenye blenda ya juisi mpaka zikawa laini kabisa. Nikazikoroga kwenye uji. Tende saba kila kopo. Ulezi una rangi ya udongo, tende zina rangi ya udongo, nani ataona?

Ningekuwa na hakika kwamba sifanyi ubaya, mbona niliufunga mlango wa jikoni? Mbona zile kokwa nilizizungushia gazeti kabla ya kuzitupa?

Jumatatu jioni Rehema akaja anatabasamu. Mwezi mzima sikuwa nimeliona tabasamu lile.

"Mama, uji wa leo umeufanyaje? Mtamu!"

"Ulezi mpya huo, wa Singida."

"Basi mama, usibadilishe tena. Leo nimekunywa mpaka nikakwangua kopo."

Ole wangu! Lile tabasamu ndilo lililonimaliza. Nilijiona nimewashinda jirani, muuguzi na kliniki yao yote.

Namba zikapanda. Siyo kidogo. Kila siku, juu. Kliniki wakamuuliza anakula nini kwa siri. Akasema hali kitu. Wakamwambia, "Mama, daftari halidanganyi, kama unataka tukusaidie tuambie ukweli." Alirudi analia. Alikaa kwenye kigoda changu, akanishika mkono.

"Mama, wallahi sili kitu kingine zaidi ya vya kwako. Wewe si unaniamini?"

Nikasema, "Nakuamini, mwanangu."

Na nilikuwa namwamini kweli. Ni mie peke yangu duniani niliyejua kwamba anasema kweli.

Sikilizeni sasa alichofanya. Akaanza kupunguza vyakula kimoja kimoja, atafute kinachomdhuru. Akaacha ugali. Akaacha kunde. Akaacha hata samaki, akidhani labda ni mafuta. Kitu kimoja hakukigusa, uji wangu, kwa sababu huo ndio aliouona salama kuliko vyote. Akaongeza awe anakunywa makopo mawili, asubuhi na jioni, ili apate nguvu baada ya kuacha vingine. Na mie nikampa! Nilikuwa nayapanga kwenye kapu kwa mikono yangu mwenyewe!

Mtaniuliza, kwa nini hukuacha? Nilitaka kuacha. Siku alipoanzishiwa sindano za insulini, nikamwona anajidunga tumboni anauma mdomo, niliapa Jumamosi ile nitapika uji mtupu. Lakini nikiwa nimeshika mwiko nikawaza: nikiacha, sukari itashuka. Ikishuka, watauliza nini kimebadilika. Watafuata nyuma mpaka watafika kwangu. Basi nikazisaga tena. Jamani, nilizisaga tena ili nisijulikane!

Hilo ndilo ungamo langu hasa. Za mwanzo niliweka kwa ujinga, na Mungu huenda angenisamehe. Zilizofuata niliweka nikijua.

Hamisi alirudi safari akakuta mambo yameharibika. Siku hiyo tulikuwa kwao sebuleni. Katika kutafuta kadi ya kliniki kwenye mkoba wa Rehema, akatoa ganda la biskuti.

"Hii nini?"

"Nilimnunulia mtoto wa jirani, alikuwa analia pale dukani."

"Mtoto wa jirani! Mie nimeacha soda, mama anasimama jikoni Jumamosi nzima, kumbe mwenzetu unakula biskuti njiani?"

"Hamisi, naapa..."

"Usiape! Namba zinasema."

Rehema akanigeukia mie. Akanitazama machoni. Ilikuwa ni kufungua mdomo tu, ndugu zangu. Maneno mawili: ni mie.

Nikasema, "Mwanangu, usimfokee mkeo. Tamaa ya mimba ndivyo ilivyo, inamshinda mtu."

Mmeisikia hiyo? Nilijifanya namtetea huku namfunga kamba. Tangu dakika ile nyumba nzima ikajua Rehema ni mwongo na mlafi, na aliyethibitisha ni mama mkwe anayempenda. Rehema aliinamisha kichwa. Hakuapa tena.

Siku ya kuzaa ilipofika, mtoto alitoka kichwa, bega likakwama. Sikuwa ndani, nilikuwa kwenye benchi la nje na chupa ya chai mkononi, lakini mbio za manesi niliziona. Walihangaika nao wote wawili. Mtoto alipotoka hakulia upesi. Alikuwa wa kike, kilo tano kasoro kidogo. Wanawake wa wodini wakasema, "Mashaallah, bonge la mtoto!" Nitamwita Nuru.

Mkono wake wa kulia ulikuwa umelala tu ubavuni. Ukiunyanyua, unaanguka.

Daktari alieleza kwamba mishipa ya bega imevutika wakati wa kumtoa. Rehema akauliza, kwa sauti ndogo sana, "Daktari, ni kwa sababu ya nilichokula?" Daktari alikuwa muungwana. Akasema bega linaweza kumkwama hata mama asiye na sukari, ila mtoto akiwa mkubwa hivi hatari inaongezeka, na hawezi kusema moja kwa moja kwamba ni hicho.

Hamisi alikuwa amesimama mlangoni. Akasema, "Si uliambiwa lakini?"

Mie nilikuwa katikati yao. Ile chupa ya chai niliyoishika ilikuwa na uji wa mzazi, moto, na tende ndani yake.

Miaka ikaenda. Nuru alipelekwa mazoezi ya mkono wiki kwa wiki. Vidole vikapata nguvu kidogo, kiwiko kikapinda kidogo, lakini mkono haukuweza kufika mdomoni. Rehema aliacha kazi ampeleke mtoto hospitali. Hamisi hakumwacha, hakumpiga, ila kila wakigombana lile neno linarudi: tamaa yako. Na mie nilikuwa nasikia. Nilikuwa nakunja nguo huku nasikia.

Eid iliyopita walikuja kwangu wote. Wifi yangu, dada yake marehemu mume wangu, alikuwa ametoka Lindi, hajamwona Nuru tangu azaliwe. Tukaketi kwenye mkeka, sinia la pilau katikati. Nuru akanyoosha mkono wa kushoto akachota. Wifi akampiga kikofi kidogo mkononi, kwa upendo tu, alivyozoea kuwafundisha wajukuu zake.

"A-a! Mtoto wa Kiislamu anakula kwa mkono wa kulia."

Nuru akamtazama. Akasema, "Huu mwingine haufiki, bibi."

Akautilia wali, akajaribu kumwonyesha. Aliunyanyua ule mkono, ukaishia kifuani, ukatetemeka, ukashuka. Punje za wali zikabaki kwenye gauni lake jipya la sikukuu.

Kabla wifi hajasema kitu, Rehema akasema, "Msamehe, shangazi. Kosa ni langu mie. Nilishindwa kujizuia kula wakati nina mimba yake."

Mungu wangu! Alikuwa ameshaamini! Kwa miaka minne alijitafutia kosa ambalo halipo, na alipolikosa akaamua liwepo. Alilisema bila hata kulia, kama mtu anayetaja jina lake.

Nikanyanyuka. Nikamwita jikoni. Nikafunga ule mlango, na nikamwambia yote. Sijui nilianzia wapi. Alinisikiliza mpaka mwisho ameegemea friza, maana siku hizi liko jikoni.

Akauliza, "Ngapi?"

"Saba. Kila kopo."

"Uliacha lini?"

"Sikuacha."

Akahesabu kwa vidole. Halafu akasema polepole, "Mie nilikuwa nakunywa makopo mawili."

Nikapiga magoti. Mie mama mtu mzima, nikashika miguu ya mtoto niliyemlipia mahari. Akaitoa miguu yake taratibu, akasema, "Mwambie Hamisi. Wewe mwenyewe, leo, mbele yangu."

Nilimwambia. Hamisi hakufoka. Heri angefoka. Alimgeukia mkewe. Rehema akamwambia, "Miaka minne, Hamisi. Nilikuapia." Akamfuta Nuru mikono, akamvalisha viatu, akachukua mkoba. Mlangoni akasimama, maana ana adabu yule mtoto hata siku ile. Tangu aolewe alikuwa ananiita mama. Siku ile alisema, "Kwaheri, bibi yake Nuru."

Sasa anaishi kwa kaka yake Mbweni, upande wa pili kabisa wa jiji. Hamisi akirudi safari anakwenda kule. Anakaribishwa barazani, anacheza na mwanawe, anaomba msamaha, anarudi peke yake. Kwangu anapita mara moja moja. Ananiamkia shikamoo, anauliza kama nina dawa za presha, anaondoka. Hajawahi kula kwangu tangu siku ile. Na simlaumu, nani atakula kwenye sufuria langu?

Friza nimelizima. Makopo ya Rehema bado ninayo, yameoshwa, plasta zimefifia.

Mwezi uliopita Hamisi aliniletea daftari. Lile la mistari ya rula. Akasema, "Rehema amesema uandike ukweli humo, Nuru akikua asome." Nikakaa nalo mezani siku tatu. Kila ukurasa, mstari kwa mstari, kwa mwandiko wake mzuri wa kikarani: uji wa mama, uji wa mama, uji wa mama. Kuanzia Jumatatu ile ya tabasamu, pembeni yake kila mahali nikaandika: na tende saba.

Ukurasa wa mwisho haukuwa na mistari. Alikuwa ameandika siku chache kabla ya kujifungua: "Leo sijala kitu chochote ila uji wa mama. Namba bado iko juu. Ee Mungu, nionyeshe ninapokosea."

Nililia mpaka jirani akaja kugonga. Nikaandika chini yake: "Hukukosea popote, mwanangu. Ni mie." Daftari limerudi Mbweni. Jibu halijaja, na sidhani kama nina haki ya kulingoja.

Kina mama wenzangu, kina mama wakwe hasa, nawaomba. Mkipewa masharti ya chakula cha mgonjwa, yafuateni yalivyo. Kama hamkubaliani nayo, semeni mbele ya daktari, siyo nyuma ya mlango wa jikoni. Tende hazina kosa. Bado ni tunda la baraka, ila mie sasa nafuturu kwa maji tu, maana nikiishika moja mkononi namwona Nuru anaunyanyua ule mkono. Na yule ambaye ameshakosea, naye nina neno lake, maana najua yupo anayesoma hapa moyo unamwenda mbio. Dada yangu, usingoje mambo yapoe. Nenda kamwambie leo, angali anakuita mama.